Jibu: Start Me Up haitoki kama ya Keith

Mkuu habari, naona unasema kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) za wimbo wa Start Me Up unazipata kwenye gita ukifuata video za shoo za Rolling Stones ila sauti haifanani kabisa na ya Keith Richards, mpiga gita wao. Kabla hujaenda kununua ampu (kikuza sauti) ingine hesabu kwanza nyuzi za lile gita lake la Telecaster, ziko tano tu, ule mnene wa juu kautoa. Mi napiga hivi: toa uzi wa sita (huo mnene), wa tano shusha toka noti ya A mpaka G, wa kwanza toka E mpaka D, hizo tatu za katikati usiziguse. Sasa laza kidole cha kwanza juu ya nyuzi zote freti ya 5 (freti ni vile vyuma vya shingoni), hapo una kodi ya C, halafu gusa na kuachia, cha kati uzi wa pili freti ya 6 na cha pete uzi wa nne freti ya 7, yaani utamu wote wa ile rifu (kipande kinachojirudia) uko kwenye huko kugusa na kuachia aisee! Kisha rudia freti ya 3. Wimbo wao wa Tumbling Dice ni tyuni hiyohiyo ila unabana kapo (kibanio cha nyuzi) freti ya 4. Brown Sugar, wimbo mwingine wao, usiitafute shoo za 2021, waliitoa kwenye orodha ya nyimbo, angalia za nyuma.