Kamera nane za nini, ikiwa mlango wa stoo ni mmoja?

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi ni mwalimu ninayefundisha Masasi, na nyumba yangu iko Mikindani, ambako mama yangu mzazi anaishi na wajukuu wawili. Msimu uliopita magunia matatu ya korosho yaliyokuwa yakisubiri kupelekwa ghalani yaliibwa stooni usiku, na hadi leo hatumjui aliyeyachukua. Fundi amenishauri nifunge kamera nane, mojawapo sebuleni, ili niwe naiangalia nyumba kwa simu. Mama hataki kusikia habari ya kamera ya sebuleni, nami nina wasiwasi na umeme unaokatika pamoja na gharama ya bando. Unanishauri nini?
Mwalimu, Mikindani.

JIBU: Mwalimu, pole sana kwa hasara hiyo, aliyeanika korosho juani na kuichambua kwa mkono ndiye anayejua uchungu wa gunia moja, sembuse matatu. Nianze na mama, kwa sababu mama ana haki. Kamera ya sebuleni itamwonesha yeye akila, akisali na akijinyoosha mkekani, lakini haitamwonesha mtu aliyepita nyuma ya nyumba na kuvunja kufuli ya stoo. Iondoe kwenye orodha kabla hamjafika kwenye bei.

Kwa nyumba uliyoieleza, kamera nne zinatosha: moja ielekee mlango wa stoo, moja geti, moja mlango wa mbele na moja upande wa uani. Kinacholeta tofauti ni umbali. Kamera ya kawaida ya megapikseli 2 yenye lenzi ya milimita 2.8 huona eneo pana sana, na hiyo ndiyo sifa ambayo wauzaji hupenda kuitaja; ila mtu akiwa umbali wa mita 10 utaona kwamba ni mtu, umbo lake na pengine shati lake, lakini uso hutautambua. Uso unataka mita tatu hivi. Kwa hiyo kamera ya stoo ifungwe karibu na mlango wenyewe, kwa urefu wa mita mbili na nusu hadi tatu kutoka chini, kwani ikipandishwa hadi kwenye kenchi itakuletea picha safi kabisa ya kofia ya mwizi.

Kuhusu bando, ondoa hofu. Mashine ya kurekodia huhifadhi picha kwenye diski iliyo ndani yake na haihitaji intaneti hata kidogo ili kufanya kazi hiyo; bando huliwa pale tu unapotazama ukiwa Masasi, au mashine inapokutumia taarifa kwenye simu. Ukichagua picha ya ubora wa chini, ya kiasi cha nusu megabiti kwa sekunde, saa nzima ya kutazama hula takriban megabaiti 225, na sidhani kama utakaa saa nzima ukiuangalia mlango wa stoo. Kwa upande wa diski, kamera nne zikirekodi mfululizo kwa megabiti 2 kwa sekunde kila moja hujaza gigabaiti 86 hivi kwa siku, maana yake diski ya terabaiti 1 itakutunzia siku 11 kabla ya kuanza kufuta za zamani. Kama unarudi nyumbani kila baada ya wiki mbili, nunua ya terabaiti 2.

Umeme ndio unaostahili fedha utakazookoa kwa kuziacha kamera nne kati ya zile nane. Mfumo mdogo kama huu hutumia wati 35 hivi, kwa hiyo kibetri cha volti 12 na saa-ampea 7, ambacho mafundi wengi hukiweka na kusema kazi imekwisha, hakitauendesha kwa muda wa saa mbili na nusu hata kikiwa kipya. Omba betri kubwa zaidi, na ikiwezekana paneli ya sola ya kuichaji. Mashine yenyewe isikae sebuleni juu ya kabati la televisheni, kwani mwizi akiibeba ameondoka na ushahidi wote. Ifungiwe chumbani, mahali penye hewa.

Kwenu Mikindani bahari iko mlangoni, na chumvi haina huruma na viungio vya waya. Kila kiungio kiingie ndani ya boksi la plastiki lililozibwa vizuri, na waya ulegezwe kidogo chini ya kamera ili maji ya mvua yadondokee hapo badala ya kufuata waya hadi ndani. Halafu kuna buibui. Wadudu wanaoizunguka kamera humvuta buibui, na usiku utando mmoja mbele ya lenzi, ukimulikwa na mwanga wa infraredi wa kamera, ambao sisi hatuuoni, hugeuza picha yote kuwa ukungu mweupe. Mjukuu apewe ufagio mara moja kwa wiki.

Nywila iliyokuja na mashine ibadilishwe siku hiyohiyo, na uijue wewe, si fundi. Kamera ya uani isichungulie kwa jirani: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na hata isingekuwapo, ujirani ungekuzuia. Hakikisha pia kwamba saa na tarehe za mashine ni sahihi, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kutumika kama ushahidi, lakini mahakama hupima jinsi zilivyotengenezwa na kutunzwa, na picha inayosema saa sita mchana huku nje ni giza itakupa kazi ya kujieleza.

Usimlipe fundi fedha yote mchana. Subiri giza liingie, zimeni taa za nje, kisha mtu mmoja wa nyumbani avae kofia na kupita mlangoni mwa stoo kama aliyebeba gunia. Mama akiweza kusema kwenye skrini huyo ni nani, malizia malipo. Akishindwa, fundi apande tena ngazi.