Hapo kwenye faida na hiari

Ndugu, unasema kazi ya mfanyabiashara ni faida tu, maadili ayaache nyumbani, na unamtaja Milton Friedman, yule mwanauchumi wa Marekani. Lakini Friedman huyo huyo, mwaka 1970, aliweka sharti: faida itafutwe bila udanganyifu wala ulaghai. Sawa. Sasa huku Masaka, Uganda, nimemwona mchuuzi akimlipa mama mmoja kahawa ikiwa bado maua mtini, nusu ya bei ya msimu. Hakuna aliyedanganya, wamekubaliana mchana kweupe. Mchuuzi huyo simwonei kijicho, mtaji wake ulikuwa hatarini pia, mvua ingeweza kugoma. Ila usiniambie ni hiari. Mtoto wa mama yule alikuwa amerudishwa nyumbani kwa karo asubuhi ile. Angekataa bei gani?