Kamera na Wewe: Lenzi ya Marehemu Baba Haioni Kibo

SWALI: Ndugu Mhariri, marehemu baba alikuwa na studio ya picha za pasipoti hapa Moshi, na katika vitu alivyoacha nimekuta kamera ya filamu aina ya Praktica pamoja na lenzi yake ya Pentacon, milimita 50, f/1.8. Mimi ninatumia Nikon D5300, basi nikanunua pete ya kuunganishia na kuifunga lenzi hiyo. Mtu akisimama karibu nami anatoka vizuri, hata kope zinahesabika. Lakini akirudi nyuma hatua mbili anafifia, na Kibo ya asubuhi, ambayo naiona wazi nikiwa barazani, inakuwa doa jeupe tu. Tena kamera haipimi mwanga. Je, lenzi imeharibika, au nimeuziwa pete feki?
Mwana wa Mpiga Picha, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu yetu wa Majengo, lenzi ya mzee ni nzima, na huenda hata pete haina kosa. Tatizo limo katika kipimo kimoja kidogo ambacho wauzaji wengi hawakitaji, nacho ni umbali kati ya uso wa chuma lenzi inapokaa na mahali picha inapoangukia, pawe ni kwenye filamu au kwenye sensa (kipande kinachopokea picha katika kamera ya kidijitali). Lenzi za kukaza kwa uzi kama hiyo yako, ambazo huitwa M42 kwa sababu uzi wake una kipenyo cha milimita 42, zilitengenezwa zikae milimita 45.46 kutoka kwenye filamu, ilhali Nikon za mfumo wa F kama yako, yaani namna ya kufungia lenzi iliyotoka mwaka 1959, hutumia milimita 46.5. Kwa hiyo hata pete ingekuwa nyembamba kama karatasi, lenzi yako ingekuwa imekwisha kusogea mbele kwa zaidi ya milimita moja, na bado unene wa pete yenyewe haujahesabiwa. Tuseme jumla ni milimita mbili: kwa fundi seremala hizo si kitu, lakini kwa lenzi ya milimita 50 zinatosha kuifanya isishike fokasi ya chochote kilicho mbali zaidi ya mita moja na robo hivi.

Zipo pete zenye kijilenzi ndani yake ambacho huirudishia lenzi uwezo wa kuona mbali. Ushauri wangu ni usihangaike nazo, kwa kuwa vijilenzi vya bei rahisi hupunguza ukali wa picha, hasa ukiwa umefungua lote tundu la lenzi linalopitisha mwanga, na kufungua tundu lote ndiko kunakomfanya mtu aipende lenzi ya zamani. Afadhali utafute bodi (kamera bila lenzi) ya Canon EOS yenye kioo cha ndani, iliyotumika, ambayo umbali wake ni milimita 44. Pete ya milimita 1.46 hujaza pengo hilo barabara, na ukiweka Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua muda) kamera hupima mwanga yenyewe. Mfuko ukiruhusu, kamera isiyo na kioo hicho cha ndani (mirrorless) ni bora zaidi: Sony za mlango wa E, yaani mahali lenzi inapofungwa, zina milimita 18 tu, hivyo pete huwa ndefu kama kopo dogo, na skrini hupaka rangi kingo za kitu kilichoshika fokasi, jambo ambalo wazee wetu hawakulipata.

Kabla ya kununua chochote, lakini, itumie Nikon yako kwa yale inayoyaweza. Ua la mbuni, mikono ya bibi anayemenya ndizi za mtori, uso wa mtoto: hivyo vyote vimo ndani ya mita moja. Kuhusu mwanga, D5300 haiwezi kupima bila lenzi yenye chipu, kwa hiyo weka kamera kwenye M (unapanga kila kitu mwenyewe) na ubahatishe kwa akili. Jua la saa sita, ISO 100, tundu f/8, anza na 1/400 ya sekunde, kisha tazama grafu ya mwanga kwenye skrini na urekebishe. Kama lenzi yako yenyewe ina swichi ya A (otomatiki) na M (kwa mkono) pembeni, isukume iende M, la sivyo utazungusha pete ya tundu na tundu lenyewe litabaki wazi vilevile.

SWALI: Nimenunua lenzi ya zamani ya Takumar ya milimita 50, f/1.4 hapa Arusha. Kioo chake kina rangi ya chai ya rangi. Je, niioshe?
Msomaji, Sakina

JIBU: Usiioshe, maana rangi hiyo haiko juu ya kioo bali imo ndani yake. Baadhi ya lenzi hizo zilitiwa thoriamu, madini yenye mnururisho, ambayo baada ya miaka mingi hukifanya kioo kiwe cha manjano. Mnururisho wake ni mdogo na kupiga picha nayo hakuna shida, ingawa mimi nisingeilalia chini ya mto. Mwanga wa jua huiondoa rangi hiyo polepole: iweke dirishani siku kadhaa, pengine wiki kadhaa, ukiwa umeifunika nyuma kwa karatasi ya foili, kwa sababu lenzi iliyoelekezwa juani bila kizuizi inaweza kuchoma pazia.