Kufika Kwake Ofisini Nako ni Siri

Kwa miaka sita nilijitolea kama msaidizi wa kisheria katika kituo kimoja cha msaada wa jamii wilayani Tandahimba, kusini mwa Tanzania, na katika muda huo nilielewa kwamba siri ya kwanza ya mteja si maneno aliyotueleza, bali ni ule ukweli kwamba alifika kwetu. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaoendesha vituo vya namna hiyo huku Mtwara na Lindi, na kwa yeyote anayetamani kwenda kuomba msaada lakini anachelea kwamba kabla ya jua kuzama kijiji kizima kitakuwa na habari zake.

Kituo chetu kilikuwa chumba kimoja chenye baraza. Karibu na mlango kulikuwa na meza, na juu ya meza daftari kubwa ambalo kila aliyeingia aliandika jina, kijiji, nambari ya simu na, katika safu ya mwisho, shida iliyomleta. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mfadhili alitaka kujua idadi ya watu waliohudumiwa, na daftari lilikuwa njia nyepesi ya kuipata. Msimu wa korosho ulipoanza, fedha za mnada zilipokuwa zikiingia katika akaunti za wakulima, watu walituzidi, kwa sababu katika kaya nyingi mwanachama wa AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, na mwenye akaunti ni mume, ilhali waliopalilia na kuokota ni mke na watoto. Mama mmoja alikuja na malalamiko ya aina hiyo, na akaeleza pia kwamba alikuwa akipigwa. Aliandika jina lake daftarini kama wengine. Haikupita saa nzima akaingia kijana aliyetaka kuuliza utaratibu wa cheti cha kuzaliwa, akainama kuandika lake, akasoma mistari ya juu, na kwa kuwa alikuwa mpwa wa yule mume, habari zilifika nyumbani kabla mama mwenyewe hajarudi kutoka sokoni.

Aliporudi kwetu baada ya wiki mbili hakuja kuendeleza shauri. Alikuja kutuomba tufute jina lake. Alisema kwa upole, "Mwanangu, nilikuja kwenu nisemee ndani, nanyi mkanisemea nje." Mimi ndiye niliyempa kalamu siku ile, na maneno yale sijayasahau.

Ulinzi wa taarifa binafsi ukitajwa, wengi huwaza wadukuzi na kompyuta. Katika miji yetu midogo, ambako watu wameoleana na kutaniana kwa vizazi, anayeweza kumdhuru mteja kwa urahisi zaidi ni shemeji, jirani au mtu aliyekaa naye kwenye benchi moja la kusubiria. Kwa hiyo tuliliondoa daftari mlangoni. Anayefika hupewa namba tu, jina lake huandikwa ndani ya jalada linalokaa kwenye kabati lenye kufuli, na funguo hushikwa na watu wawili wanaojulikana. Mfadhili anaendelea kupata idadi yake, kwa kuwa idadi haihitaji majina. Mahojiano yalihamia chumbani, na wanaosubiri wakawekewa mkeka chini ya mwembe, mbali na dirisha.

Simu ilitupa taabu kuliko karatasi. Nambari ambayo mteja anaitoa huenda ni ya mume, ya mtoto aliyeko mjini, au ya jirani mwenye kibanda cha kuchaji, na anayepokea akiambiwa "tunapiga kutoka kituo cha msaada" basi siri imekwisha. Ushauri wangu ni kumuuliza mteja mwenyewe, siku ya kwanza, simu hiyo ni ya nani, apigiwe saa ngapi, mpigaji ajitambulishe vipi, na kama ujumbe wa maandishi ni salama. Wateja wetu kadhaa walichagua kutopigiwa kabisa. Walipendelea kupita wenyewe siku ya gulio, siku ambayo hakuna anayeshangaa kuwaona mjini. Picha za fomu kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi tulizikataza moja kwa moja. Vielelezo vikipelekwa kutolewa nakala kwenye duka la stationari, mfanyakazi asimame hapo mpaka faili limefutwa kwenye kompyuta ya duka.

Tunayo sheria sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na inamtaka mkusanyaji akusanye kiasi kinachohitajika tu, kwa lengo alilomweleza mhusika, asikae na taarifa hizo kupita muda wa hitaji, na azilinde zisiwafikie wasiohusika. Taarifa nyeti, kama za afya na za watoto, zinahitaji ridhaa ya maandishi. Hapa nasisitiza jambo moja: dole gumba lililowekwa kwenye fomu ambayo mtu hakusomewa, au amesomewa kwa Kiswahili kizito cha ofisi ilhali anaelewa vizuri zaidi Kimakonde, kwangu si ridhaa. Mkalimani naye asiwe mtoto wake wala mtu wa mtaani kwake.

Zipo siri ambazo kituo hakiwezi kuzitunza, na ni haki ya mteja kulijua hilo kabla hajafungua kinywa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za kukiukwa kwa haki za mtoto azifikishe kwenye mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo husika. Tulijizoeza kusema hivyo mwanzoni mwa kila mazungumzo, na sikuona kwamba watu walifunga midomo kwa sababu hiyo. Wengi walishukuru kuambiwa mapema.

Wewe unayekwenda kuomba msaada, usione haya kuuliza kwa nini wanataka nambari yako ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kama umekwenda kuuliza ushauri tu, nani ataisoma fomu yako, na kama picha wanayotaka kukupiga ni ya lazima. Ukimwambia mgeni wa mfadhili kwamba hutaki kupigwa picha, huduma yako haipaswi kupungua hata kidogo. Ukiona taarifa zako zimetumika vibaya na kituo hakikusikilizi, unaweza kupeleka malalamiko kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Jina la yule mama tulilifuta mbele yake. Yale madaftari ya mlangoni ya miaka iliyotangulia tuliyapitia kurasa kwa kurasa, tukahesabu idadi kwa ajili ya kumbukumbu, kisha tukayachoma nyuma ya ofisi mwenyekiti wa kamati akishuhudia, kwa maana karatasi zikiuzwa kama chakavu huishia kufungia karanga stendi, na majina ya watu bado yanasomeka.