Jibu: Mifupa, watoto au kiharusi?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini sisi wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) wengine tunaishia kwenye mifupa, wengine watoto, wengine kiharusi. Ukweli ni kwamba wachache sana walikaa chini wakapanga. Wengi tulinaswa wakati wa mafunzo kwa vitendo, hasa ukimpata mkufunzi anayekuachia umshike mgonjwa badala ya kukutuma mafaili.

Mimi nilijua nitakuwa wa mifupa. Hapa Tabora kazi hiyo haikauki: bodaboda mwaka mzima, na msimu wa embe watoto wanadondoka mitini. Kisha akaja mama kutoka Urambo na kichanga chenye nyayo zilizopinda kwa ndani. Kila wiki tunanyoosha taratibu, tunafunga P.O.P (plasta ngumu, au muhogo kama wasemavyo mtaani), wiki ijayo tunafungua na unaona kwa macho mguu umesogea. Baada ya muhogo wa tano daktari akakata kano ya kisigino, tukafunga wa mwisho wiki 3, ndipo viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma katikati: saa 23 kwa siku kwa miezi 3, halafu usiku tu hadi miaka 4 hivi. Kasheshe iko hapo kwenye viatu. Mguu ukipendeza tu, wazazi wanaviweka uvunguni, unapinda tena. Basi nikabaki kwa watoto.

Kiharusi kinataka subira, na mgongo wenye nguvu. Ukiwa mwembamba kama mimi, jifunze kwanza kunyanyua wagonjwa.

Halafu ukipangiwa wilayani, huenda ukawa peke yako na utafanya yote, kwa hiyo usijifunge mapema.