Pauni za dhahabu: jibu kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Wete wazima, alhamdulillah. Umeniuliza kama fungu lako la pesa za karafuu ulinunulie pauni za dhahabu, zile sarafu za Kiingereza, kama alivyokuwa akifanya bibi yako, au ulipeleke benki. Nunua, mwanangu, lakini chache, na uzinunue kwa mizani.

Bibi yako alinunua pauni kwa kuogopa noti. Utotoni aliiona rupia ya Zanzibar ikiondolewa mwaka 1936, ikaja shilingi ya Afrika Mashariki, na mwaka 1966 ikaja ya Tanzania. Enzi za rupia, pauni moja ilikuwa rupia 15. Rupia hizo leo hazinunui hata kibiriti, na pauni ya siku zile sonara yeyote anaipokea.

Anaipokea kwa sababu haijabadilika. Tangu 1817 Waingereza wanaipiga kwa kipimo kile kile: karibu gramu 7.99, karati 22, dhahabu safi ndani yake gramu 7.32. Ya Malkia Victoria na ya Mfalme George wa Tano zinalingana uzito, isipokuwa iliyolika. Zilipigwa London, nyingine Sydney, Bombay na Pretoria, na nyingi nyuma zina yule mpanda farasi anayeua joka. Vita vya 1914 viliziondoa sokoni, watu wakapewa noti. Mwaka 1957 zikaanza kupigwa tena, na sababu mojawapo ilikuwa pauni za bandia zilizokuwa zimeenea.

Tena tabia hii ni kongwe kwetu kuliko Waingereza. Hapo ng'ambo tu, Mtambwe Mkuu, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na pamoja nazo dinari chache za dhahabu za Wafatimi, watawala wa Kiislamu wa Misri wa enzi hizo. Aliyezifukia, karibu miaka elfu iliyopita, naye alikuwa akiweka akiba. Nafurahi kila nikikumbuka kwamba ni Pemba hii hii.

Sasa usikilize upande wa pili, maana wauzaji hawatakwambia. Dhahabu haizai. Aliyenunua Januari 1980, bei ilipofika dola 850 kwa aunsi, aliiona ikishuka hadi karibu dola 250 mwaka 1999, na bei ile hakuiona tena mpaka 2008. Miaka 28, mwanangu! Kwa hiyo pesa ya kodi ya nyumba, ya ada ya watoto na ya hospitali usiiguse. Pauni ni ya pesa utakayoisahau.

Dukani, uliza kwanza bei ya gramu siku hiyo, uzidishe kwa 7.32 ikiwa ni bei ya dhahabu safi, au kwa uzito wote ikiwa ni ya karati 22. Kinachozidi hapo ni faida ya muuzaji. Kikiwa kikubwa, ondoka. Iliyotiwa kitanzi cha mkufu iogope: lehemu inaongeza uzito, na mara nyingi si karati 22. Mwambie aipime upana na unene pia. Upana ni milimita 22.05, unene kama milimita moja na nusu. Bandia ya shaba ikilingana uzito huwa nene, kwa sababu shaba ni nyepesi kuliko dhahabu. Na ulipe papo hapo, mkono kwa mkono. Usikubali kuichukua kwa mkopo, hiyo ni riba.

Zaka usiisahau. Bangili unazovaa hazina zaka kwa madhehebu yetu ya Shafii, lakini pauni za kwenye kasha zinayo. Nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia inatolewa zaka, ni gramu 85 za dhahabu safi, kwa hiyo pauni 12 peke yake zinaifikia, na mwaka ukitimia unatoa asilimia 2.5.

Niandikie una akiba taslimu ya miezi mingapi. Nikijua hilo nitakwambia ununue ngapi.

Mama yako