Maswali ya Wasomaji: Kalamu Inayoandika Hewani

SWALI: Naandika kwa mkono kwenye kishikwambi cha wino wa kielektroniki, kwa kalamu isiyotumia betri. Siku hizi inaacha vimkia kati ya herufi, kana kwamba sijaiinua. Je, kioo kimeharibika?

JIBU: Kioo usikishuku kwanza, anza na ncha. Chini ya kioo kuna utando wa nyaya unaotoa uga wa sumaku, na koili iliyomo kwenye kalamu hupata nguvu humo. Kishikwambi huihisi kalamu ikiwa bado juu, kama sentimita moja hivi, lakini hakichori mpaka ncha irudi ndani kidogo na kukibonyeza kihisi cha mgandamizo. Ncha ikikwama kwa vumbi, au ikiwa ilisukumwa mno ilipobadilishwa, kihisi hudhani unaandika muda wote.

Ishike ncha kwa kibano, uivute moja kwa moja bila kuipinda. Futa shina lake kwa kitambaa kikavu, gongagonga kalamu kiganjani tundu likiwa chini, kisha irudishe ncha kwa vidole mpaka itulie. Usiipigilie mezani! Sasa pitisha kalamu milimita chache juu ya ukurasa mtupu. Ikichora, jaribu ncha mpya. Ikizidi kuchora, kihisi ndicho kibovu na utahitaji kalamu nyingine. Hapo angalia aina: za EMR, yaani kalamu zisizo na betri zinazotumia uga wa sumaku kama yako, mfano ya kishikwambi cha reMarkable 2 na ya Kindle Scribe, huazimana bila shida, reMarkable Paper Pro inataka kalamu yake ya kuchajiwa, na ya EMR haitaacha hata nukta.

Ukiwa na ncha mkononi, itazame kwenye mwanga. Kioo chenye mkwaruzo wa karatasi huisaga kama msasa. Ikishalika mshazari mithili ya patasi, itupe, maana ukingo wake mkali unaweza kukichuna kioo.

SWALI: Nikipiga mstari kwa rula, unatoka na mawimbi. Kwa nini?

JIBU: Chomoa chaja, piga tena. Bado? Vua kava. Chaja duni huingiza kelele za umeme kwenye utando, na sumaku za kava lililokunjwa nyuma huvuruga uga; dalili ya sumaku ni mstari kupinda palepale kila mara. Ila mstari wa mshazari uliovutwa polepole huyumba kidogo hata kwenye kifaa kizima. Uvute haraka.

SWALI: Faili zangu za PDF za A4 zinaonekana ndogo mno.

JIBU: Kioo cha inchi 10.3 kinakaribia A5, yaani nusu ya A4, hivyo herufi za pointi 12 unazisoma kama za 8.5. Punguza pambizo kwenye mipangilio ya ukurasa, au lisome faili kwa ulalo. Bakiza pambizo ya upande mmoja, la sivyo utakosa pa kuandika.